Uso wa Delmar Sokoni

Pazia jeusi lilianguka, na Marlys Hruska akamwona mumewe.

Naam, Delmar, yule tuliyemzika Oktoba. Wiki jana niliwaacha hapo hapo, na najua mlivyonisema. Mama mmoja ameniandikia kwamba nikimfufua mtu yeyote katika hadithi hii ataacha kununua gazeti. Tulia, mama. Hakufufuka mtu. Kile kilichokuwa juu ya meza, mbele ya wanunuzi waliojazana mpaka njiani, kilikuwa kinyago cha mpira.

Lakini uso ulikuwa wa Delmar.

Pua ile ile iliyopindishwa na mpira wa besiboli tangu shuleni. Nyusi ile ile ya kushoto, iliyokatika katikati. Na chini ya sikio palikuwa na tundu dogo lenye ukubwa wa punje ya mtama. Hilo tundu ndilo lililomkata Marlys maini, maana Delmar hakuwa nalo mwilini. Lilikuwa alama ya kiputo cha hewa kilichonasa kwenye plasta siku ambayo Marlys mwenyewe alichukua umbo la uso wa mumewe, jikoni kwao kule Indiana, huku Delmar akitikisika kwa kicheko na yeye akimsihi atulie.

Umbo lile la plasta lilipotea nyumbani wiki ya matanga. Na nani alikuja matangani na bakuli la viazi vya kuoka, akalia kuliko wafiwa? Royce Tackett, mshirika wa Delmar katika nyumba yao ya vitisho, ambamo watu hulipa ili watishwe, na msimamizi wao wa harusi. Na nani sasa alikuwa nyuma ya meza ile mjini St. Louis, kwenye maonyesho makubwa ya mwaka ya watu wanaokula kwa kutisha wenzao? Huyo huyo.

"Mabibi na mabwana!" Royce alinguruma kwenye kipaza sauti kilichobanwa kolani. "Mzee wa Ghalani! Mmewahi kuona uso wenye uhai namna hii?"

Alikuwa amembandika Delmar meno ya nguruwe na kidonda shavuni.

Ng'ambo ya njia, kwenye banda lake dogo la mikono iliyokatwa na vichwa vya wachawi, Marlys alimshika mkono wifi yake. Bernadine alikuwa dada wa Delmar, mwanamke mwenye mwili na sauti ya kutosha watu watatu, na alikuwa amekuja kumsaidia kuuza.

"Wifi, nishike."

"Nimekushika."

"Nishike sana. Ukiniachia namuua."

"Basi nakuachia," Bernadine akasema, na kweli akamwachia.

Marlys alivuka njia. Alimpita mtu aliyevaa joho la mtawa na shoka kichwani, akila soseji. Alimsukuma zimwi aliyekuwa anabembeleza bei ya jeneza. Akafika mezani.

"Royce. Toa huo uso."

Royce alizima kipaza sauti kwa kidole, akatabasamu kama mtu aliyetembelewa na ndugu.

"Shemeji! Karibu. Nasikia biashara yako imelala kidogo."

"Huo ni uso wa mume wangu. Uliuiba kwangu nikiwa nimelala na dawa za daktari."

"Uso gani, shemeji? Kila mzee wa Indiana ana sura hiyo. Nenda pale sokoni kwa ng'ombe, utawaona kumi."

"Tundu la chini ya sikio ni langu. Ni mkono wangu ule."

"Basi nishitaki." Royce akainama karibu. Alinuka kahawa. "Kesi itachukua miaka. Bi Pruitt anatia sahihi mkataba wa kukinunua leo, baada ya chakula cha mchana. Unamjua Bi Pruitt wa Texas? Ana nyumba za vitisho kumi na mbili. Ukimaliza kesi yako, Delmar atakuwa anakimbiza watoto na msumeno kila mji. Na wewe unajua walevi wanavyowapiga ngumi hawa mazimwi wetu. Watampiga sana, maskini."

Akawasha kipaza sauti tena.

"Mpeni makofi mjane wa rafiki yangu! Amekuja kututakia heri!"

Watu wakapiga makofi.

Marlys alirudi bandani kwake. Hakulia. Alikuwa amelia tangu Oktoba, machozi yalikuwa yamekwisha, na mahali pake palikuwa pamejaa kitu kingine kinachowaka.

"Nataka kinyago kimoja," alisema. "Kimoja tu, wifi. Sasa hivi."

"Cha kufanyia nini?"

"Royce anajisifu miaka thelathini hakuna kilichomtisha. Anajisifu kila mwaka, kwenye kila meza. Leo nitamtia adabu mbele ya huyo Bi Pruitt mpaka ajikojolee. Mnunuzi gani atatia sahihi na mtu aliyelowa?"

Bernadine akafunga vifungo vya sweta yake.

"Nisubiri hapa."

Kilichofuata waliokuwepo bado wanakisimulia. Bernadine alikwenda kwa kijana wa mauzo wa Royce, akashika kinyago cha Delmar kwa masikio, akaanza maswali. Kinaosheka kwa sabuni? Kikiingia kwenye mashine ya kufulia je? Mbona mpira unanuka? Ana ndugu anavimba akinusa mpira, akifa nani atalipa? Mbona shavu hili jepesi kuliko lile? Alikivaa, akakivua, akakivaa nyuma mbele, akaangusha kopo la meno bandia, akapiga kelele kwamba amechomwa na jino, na wakati kijana yuko magotini anaokota, mama huyo alishaondoka na Delmar chini ya sweta.

"Wizi ni dhambi," alisema, akihema, "lakini huyu ni kaka yangu, na mtu haibi kaka yake."

Marlys akaingia nyuma ya pazia la banda na kisu chake cha kazi. Alikata meno ya nguruwe yote. Alifunika kidonda kwa rangi ya ngozi. Akatia wekundu puani, mahali ambapo baridi ilikuwa inamchoma Delmar kila mwaka. Kisha akafungua pakiti ya unga wa mahindi waliokuja nao kwa ajili ya uji, akaupaka kwenye nyusi na mashavuni, kama vumbi alilomkuta nalo Delmar siku ile alipoitwa kwenda kuutambua mwili wake.

Alipomaliza, alishindwa kuutazama. Akauvaa.

Koti alikuwa nalo tayari mwilini, koti la turubai la Delmar ambalo hajalivua tangu mazishi. Walikuwa wa kimo kimoja, na kila baridi ikianza walikuwa wanaligombania.

"Tembea," Bernadine alisema.

Marlys akatembea, akiuburuza mguu wa kulia uliowahi kukanyagwa na trekta.

Bernadine akageuza uso ukutani. "Nenda," alisema. "Nenda kabla sijaanza kulia."

Bi Pruitt aliwasili na kofia pana na vijana wawili wa kumbebea mikoba. Royce alimpokea kwa heshima zote, akampitisha kwenye chumba chake cha giza nyuma ya meza, ambako wanunuzi wakubwa huonyeshwa bidhaa kwa moshi na taa za rangi. Kipaza sauti kilikuwa bado kolani. Ndivyo alivyopenda: umati wa nje usikie mteja akipiga ukelele, nao watamani kuingia.

"Hapa, Bi Pruitt, ndipo Mzee anapotokea," sauti yake ilisikika ukumbi mzima. "Msaidizi wangu atakuja upande wa kushoto."

Mzee alitokea upande wa kulia.

"Siyo huko, bwana mdogo. Kushoto, nimesema." Kimya. Mguu ukaburuzwa sakafuni. "Nani huyo? Nani kakuruhusu kuingia?"

Mguu ukaburuzwa tena.

"Acha mchezo. Yako wapi meno?"

Marlys hakuwa amepanga kusema kitu. Alifanya tu alichofanya Delmar kila alipochoka kumsikiliza Royce. Alivuta pua, akapangusa vumbi la mahindi begani, akatikisa kichwa polepole kama anayemhurumia.

Royce alirudi nyuma, akajikwaa kwenye pazia, akatoka nalo mpaka nje, kwenye mwanga, mbele ya watu wote. Delmar akamfuata.

"Usinijie," Royce alisema. Sauti haikuwa yake. "Delmar, usinijie. Nilisikia. Sawa? Nilikusikia! Ulisema nanasi. Ulisema nanasi, ukarudia, na mimi nikakaa kimya. Ungekubali tu kuniuzia nusu yako ya biashara, mtu wangu! Ungekubali tu, ningekutoa!"

Sasa hilo nanasi lazima nikuelezee, msomaji, maana sumu yote iko humo.

Katika nyumba ya vitisho kila mtu anapiga mayowe. Mwigizaji akilia "nisaidieni, nakufa", mteja anacheka na kumsukuma mwenzake mbele. Kwa hiyo watu wa kazi hii huwekeana neno moja la siri, neno ambalo hakuna mzimu anayeweza kulitamka. Likisemwa, taa zote zinawashwa na kila mtu anakimbilia huko, kwa kuwa mtu anaumia kweli. Kwao neno lilikuwa nanasi. Delmar ndiye aliyelichagua, akasema hajawahi kusikia marehemu akidai matunda.

Usiku ule wa Oktoba, mlango wa sakafuni wa nyumba yao ulipofunguka chini ya miguu yake, Delmar alining'inia kwa vidole juu ya shimo la mahindi, wateja wakimpigia makofi, mpaka vidole vikachoka, akaanguka na kuzama katika mahindi. Royce ndiye aliyekuwa kwenye mkono wa chuma unaofungua na kufunga mlango ule. Aliwaapia polisi kwamba Delmar alipiga mayowe ya kawaida tu, ya kazini. Neno hakulisema.

Na Marlys aliamini. Miezi yote hiyo alikuwa akimgombeza marehemu kitandani. Kwa nini hukusema neno, mpumbavu wangu? Neno moja tu, ulishindwa nini?

Kumbe alisema.

Marlys aliuvua uso wa mumewe. Nywele zilikuwa zimemganda kwa jasho.

"Mmemsikia!" alipiga kelele. "Wote mmemsikia! Amemuua mume wangu!"

Ukumbi ulinyamaza kimya. Royce alikuwa chini, mgongo umegonga meza, kinywa wazi, mweupe kama plasta. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba Marlys aliona haki iko karibu naye kiasi cha kuigusa.

Halafu watu wakapiga makofi.

Walipiga makofi, ndugu zangu, mpaka vichwa vya mpira vikadondoka kwenye rafu. Mtawa mwenye shoka alipiga mbinja. Simu zilikuwa juu. Mtu mmoja alikuwa akifuta machozi na kumwambia mkewe, "Huyu mama ni moto, nakwambia, moto!"

"Siyo mchezo!" Marlys alilia. "Jamani, siyo mchezo! Alikuwa mume wangu wa kweli!"

Makofi yakazidi.

Alimkimbilia askari wa mlangoni, akamkamata mkono. "Bwana askari, mkamate yule. Amekiri. Umemsikia kwa masikio yako."

Askari huyo, tangu maonyesho yaanze, alikuwa ameshakabwa na mazimwi, akaombwa msaada na maiti, akanyunyiziwa damu ya rangi mara nyingi. Akacheka, akashika koo, akajilegeza ukutani.

"Nimekufa, mama! Nimekufa!"

Watu wakacheka mpaka wakainama.

Bi Pruitt ndiye aliyemwinua Royce kwa mikono yake mwenyewe.

"Bwana Tackett! Sijatetemeka hivi tangu nizaliwe. Na hilo la nanasi! Nani aliyetunga hilo la nanasi? Kila mtu wa kazi hii atasisimkwa."

Royce alimtazama. Alitazama simu zote zile. Taratibu damu ilimrudi usoni, na tabasamu nalo likarudi.

"Tulilitunga pamoja," alisema. "Mimi na shemeji."

Alimkumbatia Marlys mbele ya watu, akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akamnong'oneza.

"Endelea kusema, shemeji. Kila ukisema, nauza. Waache warekodi. Kila mmoja wao ataapa ulikuwa mchezo."

Kweli tupu, na ndiyo iliyokuwa inauma. Marlys alikwenda kuunyang'anya uso wa mumewe, na sasa alikuwa ndiye aliyemsaidia mwizi kuuza.

"Naweka sahihi," Bi Pruitt alitangaza, "nyumba zote kumi na mbili. Lakini nina sharti. Leo jioni, jukwaa kuu linapofunguliwa, nataka kitu hiki hiki, ninyi wawili. Na ule mlango wa sakafuni niuone kwa macho. Unao?"

"Ninao," Royce alisema. Alikuwa anauza milango hiyo pia. "Jukwaa langu la maonyesho lina mlango, na chini yake magodoro. Lakini mama huyu amechoka, Bi Pruitt. Nitamtafuta mtu mwingine."

"Mwingine simtaki. Bila yeye, hakuna sahihi."

Macho yote yakamgeukia Marlys.

Alikuwa ameushika uso wa Delmar kwa mikono miwili. Akikataa, sahihi haiwekwi. Uso unabaki bila mnunuzi, labda kwa leo, labda kwa mwaka. Hicho ndicho alichokuja kukitafuta, na alipewa mkononi, bure.

"Nani anasimama juu ya mlango?" aliuliza.

"Mimi nadhani wewe, mwanangu," Bi Pruitt alisema. "Wewe si ndiye marehemu?"

"Marehemu ameshaanguka, mama. Hawezi kuanguka tena. Anarudi kumtafuta aliyemwacha." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Royce asimame juu ya mlango. Mimi nitashika mkono wa chuma."

"Haaa!" Bi Pruitt akapiga paja. "Umesikia, Bwana Tackett? Huyu ana kichwa!"

Mbele ya Royce kulikuwa na kalamu, nyuma yake umati, na yeye ndiye mtu asiyeogopa kitu kwa miaka thelathini.

"Vizuri sana," alisema.

Bi Pruitt akatia sahihi.

Bernadine alimvuta Marlys pembeni kwa nguvu mpaka koti likalia.

"Umeingiwa na nini? Ulikuwa umeshinda! Umemwacha auze uso wa kaka yangu nchi nzima!"

"Uso ni mpira, wifi."

"Ni Delmar!"

"Delmar alisema neno." Hapo ndipo sauti ya Marlys ilipopasuka. "Alilisema, wifi. Alikuwa ananing'inia pale, analitamka, anamtazama huyu mtu. Na mimi nimemtukana miezi yote. Wauze nyuso wanavyotaka. Mimi namtaka mwenye masikio yaliyomsikia."



"Magodoro yako wapi?" Bernadine aliuliza.

"Chini ya jukwaa. Na chini yake ni saruji."

"Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako," Bernadine alisema, akakunja mikono ya sweta, akaondoka.

Jioni ukumbi mkuu ulijaa hadi milangoni. Bi Pruitt alikaa mstari wa mbele na kofia yake magotini. Moshi ulitambaa jukwaani. Royce alipanda katikati ya shangwe, akapunga mkono, akasimama juu ya mlango kwa tahadhari, akiujaribu kwa kisigino.

Marlys alikuwa tayari pembeni, kando ya mkono wa chuma. Bernadine alitokea chini ya jukwaa, sketi ina vumbi, akipangusa viganja. Akamwitikia Marlys kwa kichwa.

Royce aliona vumbi lile. Aliliona vizuri. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Shemeji," alisema kwa haraka, akiendelea kuwatabasamia watu. "Hatujapatana neno. Tukipata hitilafu, mimi na wewe tunatumia neno gani?"

Marlys aliuinua uso wa mumewe, akauvaa taratibu, akaunyoosha kwenye taya mpaka ukakaa sawasawa.

"Hatuna neno," alisema.

Akashika mkono wa chuma, na watu wakaanza kupiga makofi.